Sifuri ya Mama Shamez

Mtu akikuuliza habari, unasema nzuri. Hata kama nyumba imeungua na umesimama juu ya majivu yake, unasema nzuri kwanza, ndipo unasema ila. Noorbanu Fatehali alizaliwa Tabora mwaka 1931, akafundishwa adabu hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na miaka arobaini ya Kanada haikuwa imempunguzia hata punje. Kwa hiyo kila asubuhi, katika nyumba moja ya kulea wazee huko Malvern, Toronto, ambayo jina lake tuliache maana wenyewe wana wanasheria, mhudumu aliposimama mlangoni na kompyuta yake ya mkononi na kumuuliza ana maumivu kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi, Noorbanu alijibu kama mtu aliyelelewa. Alitabasamu, akasema hana neno, asante. Mhudumu akabonyeza sifuri, akaenda chumba cha pili, na ila ya Noorbanu ikabaki mdomoni.

Sifuri hizo hazikukaa bure. Zilikusanywa zikapelekwa kwenye ubao mkubwa uliotundikwa mlangoni pa nyumba ile, pale pale penye chupa ya dawa ya kunawia mikono, ili kila mgeni ausome akisubiri lifti. Ubao wa ubora. Walioanguka, wenye vidonda vya kulala kitandani, wenye maumivu makali. Kila kundi na rangi yake. Mstari wa maumivu ulikuwa na rangi ya kijani tangu Krismasi, na wakaguzi wa ubora walikuwa wanakuja katikati ya Machi, mwaka ule wa 2012. Nyumba nzima ilitembea kwa madaha.

Otilia alihamishiwa ghorofa ya pili mwanzoni mwa mwezi huo. Huyu alikuwa mtu wa Songea, muuguzi wa miaka kumi na mmoja katika hospitali ya misheni, ambaye vyeti vyake Kanada walikuwa bado wanavikagua mwaka wa nne sasa, utafikiri aliviandika kwa lugha ya majini. Wakati akisubiri, alifanya kazi ya mhudumu: kuogesha, kuvalisha, kulisha. Alikuwa kwenye muda wa matazamio uliokuwa ukimalizika mwisho wa Machi, na alijua kuwa mtu wa matazamio hutakiwa kuwa mpole. Tatizo ni kwamba upole huo hakuwa nao.

Siku ya kwanza alipomvalisha Noorbanu alitazama kwa makini. Kumvalisha mtu ni kumsoma. Mguu wa kushoto uliingia kwenye suruali bila shida. Ulipofika wa kulia, mama yule alishika chuma cha kitanda mpaka kucha zikawa nyeupe, huku akieleza kwamba theluji ya mwaka huu haikuwa nyingi, tushukuru. Otilia alikuwa amewazalisha wanawake waliong'ata khanga bila kutoa sauti. Akavuta kiti, akakaa. Kukaa hakukuwamo kwenye ratiba. Kila mkazi alitengewa dakika mbili za maswali, na maswali yalikuwa sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelalaje?"

"Salama, sijui wewe."

"Salama, tunamshukuru Mungu."

"Mwanao Shamez hajambo?"

"Hajambo. Anafanya kazi sana, mpaka namwonea huruma."

"Na wajukuu?"

"Wazima wote. Kiswahili hawajui, lakini wazima."

"Na mwili, mama?"

Noorbanu akatazama mlangoni, kama anayehakikisha kwamba hakuna mgeni. "Mwili mzuri," akasema.

Otilia hakuinuka. Alimkunjia soksi, akaikunjua, akaikunja tena. Mlangoni gari la chai likapita. Ndipo mama akashusha pumzi.

"Nzuri, ila mguu huu, mwanangu. Tangu siku ile nilipoteleza bafuni. Nikiukanyagia ni kama mtu ananipigilia msumari hapa." Akaweka kiganja kwenye nyonga. "Hata kusali jamatkhana siendi tena. Wanakuja na gari Ijumaa kunichukua, nawaambia nimechoka."

"Ukiupima kwa namba, kumi ni maumivu makubwa kuliko yote uliyowahi kupata."

"Kumi ni kumzaa Shamez. Siku mbili nzima, na mkunga mwenyewe alikata tamaa." Noorbanu akafikiri kwa haki kabisa. "Huu ni nane. Lakini usiandike. Watasema mama huyu msumbufu."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua, mama."

"Na mlalamishi nani humtembelea?"

Otilia aliandika nane. Alijua anachoandika na kwa nini. Kuteleza kule bafuni kulikuwa kumeandikwa siku ishirini na moja nyuma: ameteleza, hana maumivu. Tangu hapo Noorbanu alikataa kutembea, na kwa kuwa kompyuta ilisema haumwi popote, wakubwa waliamua kwamba ni uzee au ukaidi. Alhamisi iliyofuata kilikuwa kikao cha kumpandisha ghorofa ya tatu. Kule wazee walinyanyuliwa kwa mashine kutoka kitandani kwenda kitini na kutoka kitini kwenda kitandani, na walimu wa mazoezi hawakufika. Aliyepandishwa kule hakushuka tena kwa miguu yake. Hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu pale, ingawa ubaoni halikuwa na mstari wala rangi.

Akampasha habari muuguzi wa zamu. Muuguzi akaenda, akasimama mlangoni, akauliza. Akapewa tabasamu na kuulizwa kama ameshakunywa chai.

Mchana ule ule mstari wa kijani ukawa mwekundu, na Otilia akaitwa ofisini kwa Zahira, meneja wa ubora. Zahira alizaliwa Toronto, lakini mama yake alikuwa mtu wa Mwanza. Kiswahili alikisikia chote na hakukijibu hata kimoja, kila kitu alikijibu kwa Kiingereza. Tumpe haki yake: alikuta nyumba ile ina wazee wanaooza migongo, na kwa miaka mitatu alivipunguza vidonda kweli kweli, si kwa kalamu. Namba zilimsaidia kuokoa watu. Kosa lake ni kwamba tangu hapo alizipenda namba kama mtu anavyompenda mtoto wake, na mtoto wako humuulizi mara mbili.

"Siku ishirini na moja za sifuri," alisema Zahira. "Wahudumu saba tofauti. Halafu wewe unakuja na nane."

"Hao saba walisimama mlangoni."

"Nimemuuliza mwenyewe saa sita. Amesema hajambo. Amesifia na hereni zangu."

"Ulikaa?"

"Nilimuuliza swali kama lilivyoandikwa. Ndiyo maana limeandikwa, ili sote tuulize sawasawa."

"Sote mmekosea sawasawa," Otilia akasema. Maneno yalikuwa yameshatoka na hakutaka kuyarudisha. "Mama yako wewe akikwambia hajambo, unaishia hapo?"

Kalamu ya Zahira ikasimama. "Mama yangu hayumo kwenye ripoti hii." Akasogeza karatasi. Palitakiwa sentensi moja tu, kwamba ile nane iliingizwa kwa makosa, na sahihi. "Matazamio yako yanaisha tarehe thelathini na moja. Nisingependa hili ndilo litakalokumbukwa."

Otilia aliisoma karatasi yote, taratibu, mpaka tarehe. Akairudisha mezani. "Kosa lipo," akasema, "lakini si langu, kwa hiyo siwezi kulitia sahihi." Akatoka. Kwenye ngazi akakaa kwenye kipandio akajilaumu, kisha akajilaumu kwa kujilaumu. Alikuwa na kodi ya nyumba na binti wa shule. Alikuwa pia na ile picha ya kucha nyeupe kwenye chuma cha kitanda, na hiyo ndiyo haikumtoka.

Jumapili alimvizia Shamez. Alikuwa daktari wa meno, bwana wa miaka hamsini mwenye koti zuri, aliyeendesha gari kutoka Richmond Hill kila Jumapili bila kukosa na kumletea mama yake maua na juisi ya pasheni. Hakuwa mtoto mbaya hata kidogo. Aliinama, akambusu mama yake kipaji cha uso, akauliza kwa Kiingereza kama yuko sawa. "Am fine, beta," akasema Noorbanu, beta yaani mwanangu, na uso wake uling'aa, kwa sababu mwanawe alikuwa amekuja kutoka mbali na barabara ina msongamano.

"Mama yako anaumwa," Otilia alimwambia kwenye korido, kwa Kiingereza. "Usikubali apandishwe juu. Omba wampige picha nyonga."

Shamez akamtazama kwa adabu, kama amtazamavyo mgonjwa aliyesoma habari za meno kwenye mtandao. "Dada, nimeona rekodi zake. Zote sifuri. Na mama yangu namjua. Hajawahi kulalamika maishani mwake."

"Ndiyo maana," Otilia akasema. Shamez hakuelewa, na lifti ikafika.

Basi akaendelea peke yake. Jumatatu aliandika nane. Jumanne nane. Jumatano aliandika saba mama akiwa amekaa, tisa akisimama, na kwenye nafasi ya maelezo akaongeza alivyomwona anashika chuma. Ubao ulibaki mwekundu, na watu walianza kupunguza sauti akiingia chumba cha chakula. Chelagat, Mkenya aliyegawana naye ghorofa, alimvuta kando karibu na kabati la mashuka.

"Wee Otilia, unataka kufutwa kazi? Weka zero uende. Tuko na watu ishirini na wanne kwa hii floor, na hizo form ni za kufurahisha wageni tu."

"Basi nawaonyesha wageni."

"Kichwa yako ni ngumu, aki."

"Kigumu, ndiyo. Chako umekipumzisha lini ukamsikiliza mtu mpaka mwisho?"

Chelagat akasonya. Lakini mchana ule alipita mlangoni pa Noorbanu mara mbili, na mara ya pili alipunguza mwendo.

Alhamisi wakajaa chumbani: Zahira na faili lake, Shamez na koti lake, na mkaguzi, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliyeomba ahudhurie kikao kimoja chochote aone wanavyoamua. Walimwekea kiti kizuri karibu na dirisha. Otilia aliambiwa asimame ukutani, kwa ajili ya kumsogeza mkazi ikihitajika. Mkazi alikuwa amevaa bangili zake na kujipaka poda, maana wageni wamekuja.

Zahira aliuliza vizuri, kwa upole, kama swali lilivyoandikwa, huku ameshika kadi yenye nyuso za kucheka na za kulia. Noorbanu akaikagua ile kadi. Kati ya nyuso sita akachagua ile inayocheka zaidi, kama mtu anayemchagulia mgeni andazi zuri. "No pain," akasema. "You are all very kind. Mmekunywa chai?"

Zahira akaandika. Hakumtazama Otilia, na kutotazama kwenyewe kulikuwa kutazama. Shamez akatoa kalamu mfukoni ili atie sahihi ya kumpandisha mama yake ghorofa ya tatu.

Otilia alimkasirikia Noorbanu kwa nukta moja, hasira kali, ya mtu aliyeachwa kwenye mataa. Kisha ikapita. Mama wa watu angefanyaje? Umeulizwa na wageni watatu waliosimama, mbele ya mwanao. Utawamwagia maumivu yako sakafuni wayakanyage? Akasema moyoni, liwalo na liwe. Akatoka ukutani. Kiti kilichokuwa tupu ni kile cha mkaguzi tu, ambaye alikuwa amesimama kuchungulia faili la Zahira. Otilia akakivuta mpaka kitandani, akakikalia.

"Otilia," akasema Zahira.

"Shikamoo, mama," akasema Otilia.

"Marahaba, mwanangu."

"Umeamkaje?"

"Salama. Leo nina wageni."

"Nawaona. Hatuna haraka. Za tangu jana?"

Zahira alisema kwamba muda umekwisha, akarudia. Mkaguzi alikunja mikono, akaegemea dirisha, hakusema kitu. Salamu ikaendelea kwa mwendo wake. Ilipita kwa wajukuu, ikapita kwa jirani wa chumba cha pili aliyeacha redio wazi, ikaenda mpaka Tabora, kwenye duka la bati na misumari karibu na stesheni, ambako mumewe, mzee Fatehali, aliwapimia watu misumari kwa ratili na kuwaongeza kidogo juu. Saa ya ukutani ilisonga dakika tano, ikasonga nane. Otilia hakuuliza habari ya mguu. Aliuliza habari ya Fatehali.

"Fatehali," akasema Noorbanu, na bangili zikatulia. "Huyo naye alikuwa hajambo. Tumbo linamkata mwezi mzima, ukimuuliza, hajambo. Mpaka tunamwingiza hospitali, daktari anamuuliza, hajambo, bwana. Hakutoka." Akasawazisha shuka magotini. "Nilimkasirikia, mwanangu. Sikumwambia mtu, lakini nilimkasirikia sana. Mimi nilikuwa mkewe. Mimi angeniambia."

Shamez alikuwa ameshusha kalamu. Alikuwa na miaka kumi na tisa wakati ule, na hakuwahi kusikia neno hilo.

"Na wewe, mama," akasema Otilia, "habari zako?"

"Nzuri." Noorbanu akamtazama mwanawe, si Otilia. "Nzuri, ila mguu, Shamez. Mguu unaniuma vibaya. Siwezi kusimama."

Mkaguzi akauliza amesema nini. Shamez alikuwa ameshapiga magoti pale sakafuni na koti lake zuri, anamuuliza mama yake, kwa Kiswahili kilichovunjika vunjika, cha mtoto aliyekiacha uwanja wa ndege, "Wapi, mama? Onyesha wapi." Kwa hiyo aliyebaki wa kujibu ni Zahira. Angeweza kusema lolote. Alilitazama faili lake, akalifunga.

"Amesema unamuuma," akamwambia mkaguzi. "Amesema unamuuma vibaya."

Jioni hiyo picha ilipigwa. Nyonga ilikuwa na ufa, na kila mara aliposimamishwa kwa wiki zile nne ulikuwa umezidi kutanuka. Ijumaa wakamfanyia upasuaji, wakamfunga nyonga kwa skrubu, na Jumamosi Shamez akapiga simu ghorofa ya pili, akamtaka Otilia, akashindwa kusema alichopigia, akasema tu kwamba mama ameuliza nani anamvalisha yule jirani wa redio. Wakaguzi waliandika waliyoandika. Walipoondoka, wahudumu wawili walionekana wamekaa vitini vyumbani mwa wazee. Mmoja alikuwa Chelagat, naye alipoonwa alisema anapumzisha mgongo. Wiki haikuisha, mstari wa maumivu ukazidi wekundu mpaka mwisho, maana watu tisa wengine walikuwa na ila zao.

Jumatatu Otilia akaitwa tena ofisini. Barua ya onyo ilikuwa tayari mezani. Ilisema kwamba ameketi kwenye kiti cha mkaguzi bila ruhusa, kwamba amekaidi agizo la meneja mara mbili, na kwamba ametumia dakika kumi na moja kwa maswali yaliyotengewa dakika mbili. Muda wa matazamio umeongezwa miezi mitatu.

"Imebidi," akasema Zahira. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. "Ulikuwa sahihi juu yake, na nimeliandika hilo mahali pake. Lakini kila mtu akifanya anavyotaka, hatutakuwa na utaratibu."

Otilia aliisoma barua yote, taratibu, mpaka tarehe.

"Hapa pamekosewa," akasema. "Si dakika kumi na moja. Ni kumi na tisa. Niliitazama saa."

"Otilia, kumi na tisa ni mbaya zaidi kwako."

"Najua. Lakini ndizo. Kama ni namba, iwe ya kweli."

Zahira akachukua kalamu yake mwenyewe, akakata kumi na moja, akaandika kumi na tisa, akatia herufi za jina lake pembeni kama utaratibu unavyotaka. Otilia akatia sahihi. Chini ya sahihi palikuwa na nafasi ndogo ya maoni ya mfanyakazi, ambayo katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuijaza. Akaijaza, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake mkubwa wa kuandikia mafaili ya wodini:

Kesho nitakaa tena.

Akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza. Zahira akausoma mstari ule, na hakuhitaji mtu wa kumtafsiria.